Landrova ya Mkwe

Salmini bin Humaidi alikuwa muuza vitambaa hapa Gongoni, mjini Tabora, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, ambaye hata akinunua kibiriti alikitikisa kwanza sikioni. Babu yake alifika Tabora kutoka Omani wakati misafara ingali ikipita. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa, akasoma hapa, na sokoni alizungumza Kinyamwezi kama mtu mwingine yeyote. Mkewe, Fakhria, alikuwa wa huku na wa kule. Baba yake alikuwa Mwarabu mnunuzi wa asali na nta, aliyehamia kijiji cha Ibambula kwenye njia ya zamani ya misafara, akaoa huko binti wa Kinyamwezi aitwaye Kashindye. Mzee alipofariki walimzika nyuma ya nyumba yake. Kashindye akabaki pale na kaburi la mumewe, mizinga ya nyuki na shamba la karanga. Kila alipoambiwa ahamie mjini kwa bintiye, alijibu kwamba atakuja kusalimia, kukaa hapana.

Shida ilikuwa njia. Basi lilimshusha mtu kwenye barabara kubwa, na kutoka hapo ni miguu. Kiangazi ulipita porini, ukakatiza mbuga kavu iliyopasukapasuka, ukafika Ibambula jua likianza kupoa. Masika ile mbuga iligeuka uji mweusi, na hakuna aliyekwenda wala aliyetoka. Mwaka mmoja, mvua zilipoanza, Kashindye alishikwa na kichomi. Habari zilimfikia Fakhria mvua zilipokwisha, mama yake ameshapona na yuko shambani. Fakhria alikaa chini jikoni akalia kwa ajili ya jambo ambalo lilikuwa limekwisha kupita.

"Angekufa," alimwambia mumewe, "ningesikia arobaini imeshasomwa."

Ndipo walipoamua kununua gari. Ilikuwa miaka michache tu baada ya Azimio la Arusha, na mfanyabiashara mwenye busara wakati ule hakununua kitu cha kung'aa. Lakini Fakhria hakutaka kung'aa. Alitaka gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, lenye nafasi ya watoto na mizigo, na ambalo mama yake angeweza kulipanda kwa miguu yake bila kunyanyuliwa kama gunia. Na liwe kuukuu, kwa sababu jipya wasingeliweza.

Kulitafuta kulichukua kiangazi kizima. Salmini alikuwa mchaguzi, na safari hii alimchukua na Anton, fundi aliyejifunzia ufundi misheni na aliyekuwa na gereji yake karibu na stesheni. Landrova ya kwanza waliyoiona ilikuwa ya mpima ardhi aliyekuwa akirudi kwao. Ilikuwa fupi, safi, na injini yake ilinguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Salmini aliipenda papo hapo. Fakhria alipanda nyuma na watoto wao wawili, Khole na Nabhan, magoti yakagongana, akauliza mama atakaa wapi. Wakashuka.

Ya pili ilikuwa Urambo, kwa bwana mmoja wa tumbaku. Hiyo ilikuwa ndefu, imepakwa rangi, viti vya ngozi, pazia madirishani. Watoto waliigombea milango. Anton alilala chini yake kwa muda mrefu, akatoka na vidole vyekundu vya kutu. Alisema chasisi imeungwaungwa na kufunikwa kwa lami, na kwamba siku itakayoingia korongoni na mzigo itavunjika katikati kama muwa. Walimshukuru yule bwana, wakarudi kwa treni, Khole akinuna njia nzima.

Ya tatu ilikuwa ya Masolwa, mfanyabiashara wa ng'ombe wa Nzega. Ilikuwa ndefu pia, na nyuma ilikuwa na mabenchi mawili yaliyotazamana. Lakini bodi yake ilikuwa na mabonde kama sufuria ya harusi, dirisha moja lilikuwa ubao, na ndani ilinuka ngozi mbichi. Salmini aligeuza uso. Masolwa hakuudhika. Alisema amekuwa akinunua ng'ombe tangu utotoni, na ng'ombe wa maziwa hatazamwi ngozi.

Anton aliigonga chasisi kwa nyundo toka mbele mpaka nyuma, akisikiliza. Halafu wakaileta Tabora, wakaipeleka kwenye mto mkavu nje ya Itetemia, penye mchanga wa kumeza gurudumu. Anton aliizamisha makusudi, akazima injini, akamwambia Salmini aitoe mwenyewe. Salmini aliunganisha magurudumu ya mbele, akaweka gia ndogo, akaachia klachi polepole kama alivyoelekezwa. Gari lilitetemeka, likatikisa kichwa, kisha likaanza kupanda kutoka mchangani taratibu, bila haraka wala wasiwasi, kama kobe. Fakhria, aliyekuwa amekaa benchi la nyuma akijishikilia, alicheka mpaka mtandio ukamwanguka.

"Hili," alisema. "Mama atakaa hapa nilipokaa mimi."

Anton alifungua injini akabadilisha vilivyokwisha, akaongeza ngazi ndogo ya chuma mlangoni kwa ajili ya mama mkwe. Lile dirisha la ubao waliliacha hivyohivyo.

Safari ya kwanza kwenda Ibambula walikwama mbugani mara moja tu, tena kwa kosa la Salmini la kutaka kuendesha kwa kasi. Walipofika, kijiji kizima kilitoka. Kashindye alikuja akiwa na unga mikononi. Kwa desturi ya kwao mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni wala hawashikani mikono, kwa hiyo alisimama ubavuni mwa gari akiangalia gurudumu, akalisalimia gari badala ya mkwewe. Alilishukuru kwa kumletea wajukuu. Watu wakaangua kicheko. Tangu siku ile Ibambula wote waliliita gari la mkwe.

Miaka iliyofuata ndiyo iliyokuwa mizuri kuliko yote katika nyumba ile. Kila baada ya wiki chache walikwenda, masika na kiangazi, na wakati mwingine walipitiliza Ibambula wakaingia porini kwenye njia ambayo misafara iliipita zamani, mahali pasipo na barabara, ila mstari wa miti mikubwa iliyopandwa na watu ambao hakuna anayewajua. Kashindye alikaa kwenye benchi lake la nyuma akiwaonyesha wajukuu mizinga ya nyuki juu ya miti na visima vilivyofukiwa. Walikula michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na karanga mbichi. Nabhan alijifunza kupunguza upepo wa tairi kabla ya mchanga na kuujaza baada yake. Salmini, aliyekuwa hana mazungumzo dukani, alionekana akiimba nyuma ya usukani.

Na gari halikuwa la familia peke yake. Usiku au mchana, wakiwa Ibambula, mgonjwa alipelekwa hospitali. Mke wa Shilinde, jirani wa Kashindye, alishikwa na uchungu siku tatu bila kujifungua, na Salmini akampeleka hospitali ya Kitete, mjini, akiendesha kwa uangalifu hata jasho likamlowesha shati. Mtoto alizaliwa hai. Shilinde alikuja Gongoni na jogoo na debe la asali, akakataa kukaa kwenye kiti, akakaa chini ukumbini kwa heshima.

Kisha ukaja mwaka wa sabini na nne, na operesheni ya vijiji.

Redio ilikuwa imesema muda mrefu kwamba watu waishi pamoja ili wapate shule, maji na zahanati. Wengi hawakuona ubaya. Hata Kashindye alisema shule ni kitu kizuri, ijengwe tu Ibambula. Lakini kiangazi cha mwaka ule maneno yaligeuka kuwa malori. Kila mtu alipaswa kuhama kabla ya mvua, na malori ya serikali hayakutosha. Katibu mmoja aitwaye Jilala, kijana mwenye bidii aliyeyaamini kwa dhati aliyoyasema, alipita dukani kwa Salmini asubuhi. Alimwamkia shikamoo, Salmini akaitikia marahaba. Jilala akaeleza kwa adabu kwamba kamati ya operesheni inaazima magari yenye uwezo wa kuingia porini, na kwamba gari la Bwana Salmini linajulikana.

Salmini alifikiri kukataa. Lakini zilikuwa siku ambazo mtu wa duka, tena Mwarabu, aliweza kuamka akaitwa mnyonyaji mbele ya mkutano, na neno hilo likikushika halioshwi kwa sabuni. Aliuliza wanahamisha watu wa wapi. Jilala akasema upande wa kaskazini, kuelekea Nzega. Hapo Salmini alipumua, maana Ibambula haikuwa upande huo. Alikubali, kwa sharti kwamba ataendesha mwenyewe, maana dereva mwingine angeliua gari.

Fakhria hakupenda. Alimwambia mumewe kwamba leo ni Nzega, kesho hajui ni wapi. Salmini alimjibu kwamba likiwa mikononi mwake angalau litafanya kazi ile kwa upole. Ndivyo alivyoamini. Na kwa wiki kadhaa ilikuwa hivyo. Alibeba wazee, wajawazito, kuku, mawe ya kusagia. Aliwasaidia kushuka. Jioni alirudi nyumbani, akaoga, akalala.

Asubuhi moja malori yalipofika njia panda hayakukata kulia kwenda Nzega. Yalikwenda moja kwa moja, yakaacha barabara kubwa na kuingia njia ya Ibambula. Salmini aliyekuwa nyuma yao alisimamisha gari. Jilala, aliyekaa pembeni yake, aliuliza kama limeharibika.

"Kule ni kwa mama mkwe wangu," Salmini alisema.

Jilala akasema hakujua, lakini amri haichagui mkwe wa nani, na kwamba kama mzee yule atahamishwa kwa vyovyote, si afadhali ahamishwe na mtu wake?

Maneno hayo Salmini aliyakumbuka maisha yake yote, kwa sababu ndiyo yaliyomfanya aachie breki. Angeweza kushuka akarudi kwa miguu. Angeweza kulizamisha gari mbugani, maana alijua pa kulizamisha. Alifuata malori.

Watu wa Ibambula walisikia malori wakaingiwa na hofu. Lakini walipoiona Landrova nyuma yao, wengine walitoka wakitabasamu. Walidhani mkwe amekuja kuwatetea. Watoto waliikimbilia kama siku zote, wakachungulia benchi la nyuma kumtafuta Nabhan. Kashindye alitoka nyumbani kwake na kibuyu cha maji, akasimama ubavuni mwa gari, macho kwenye gurudumu.

Aliuliza wajukuu wako wapi. Salmini akajibu kwamba leo hakuja nao. Nyuma yao mgambo walikuwa wameshaanza kutoa vyombo vya Shilinde nje, mkewe akipiga kelele kwamba chungu kitavunjika. Kashindye aligeuka akatazama. Akatazama malori. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka yote ya ukwe wao. Aliinua uso akamtazama Salmini machoni.

"Mkwe," alisema, "ni wewe uliyekuja kunichukua, au ni wao?"

"Ni mimi, mama. Nimekuja kukuchukua."

Alisema hivyo ili mama asisukumwe na mgambo. Na moyoni mwake alikuwa amekata shauri kwamba atampeleka moja kwa moja Gongoni kwa bintiye, kamati iseme itakavyosema. Kashindye aliitikia kwa kichwa. Aliingia ndani, akafagia nyumba yake yote, chumba kwa chumba, akatoa takataka nje kama mtu anayesubiri wageni. Akaenda nyuma ya nyumba kwenye kaburi, akakaa kidogo. Halafu akarudi na furushi moja, akakanyaga ile ngazi ndogo ya chuma, akakaa kwenye benchi lake. Alipanda mwenyewe. Hakuna aliyemshika.

Gari lilikuwa halijafika mbugani walipoona moshi nyuma. Mapaa ya nyasi yalikuwa yakichomwa, ili mtu asiwe na pa kurudi. Kashindye hakugeuka. Wanawake wengine waliopakiwa pamoja naye waligeuka, wakalia, na yeye akawaambia kwa Kinyamwezi wanyamaze, gari linapita pabaya.

Njia panda Salmini alitaka kushika njia ya Tabora. Jilala aliweka mkono kwenye usukani. Alisema kila aliyetolewa Ibambula lazima ashushwe kijiji kipya na aonekane pale. Baada ya hapo mkwe anaweza kuomba ruhusa ofisini, na yeye mwenyewe atamsaidia. Salmini alimsihi. Alisema huyu ni mama wa mke wangu, ana nyumba mjini, hatakuwa mzigo kwa mtu. Lakini nyuma yao malori yalikuwa yamesimama, mgambo wakiuliza kuna nini, na sauti ya Salmini ilikuwa ndogo siku zote.

Kijiji kipya kilikuwa vigingi tu ndani ya kichaka kilichofyekwa nusu. Hapakuwa na nyumba hata moja, wala kisima. Kila familia ilionyeshwa kigingi chake. Kashindye alishuka, akaweka furushi chini, akaangalia huku na huku. Salmini alimwambia kwamba kesho atakuja na Fakhria na ruhusa. Kashindye alikuwa amerudisha macho kwenye gurudumu.

Jioni ile Salmini alifika nyumbani akakuta Fakhria anakaanga samaki. Alitaka kumwambia. Alisema moyoni, nitamwambia nikishapata ruhusa, ili nimpe habari na dawa yake pamoja. Asubuhi alikwenda ofisini, akaambiwa mhusika yuko safarini. Siku iliyofuata aliambiwa arudi. Gari lilikuwa bado linatumika. Akabeba watu wengine, wa vijiji vingine, na kila jioni alirudi nyumbani na jambo lile kifuani kama mwiba wa samaki uliokwama. Siku zikapita hivyo, nyingi kuliko alivyokusudia, na mvua ya kwanza ikanyesha.

Aliyemwambia Fakhria ni Shilinde. Alikuja Gongoni kwa miguu akiwa amelowa, akakaa chini ukumbini mahali pale pale alipokaa siku ya jogoo, na safari hii hakuwa na kitu mkononi. Salmini alikuwapo. Shilinde alimwamkia, kisha akamweleza Fakhria kwamba mama hayupo tena kijiji kipya walikoshushwa. Mvua ilipowanyeshea chini ya maturubai, alichukua furushi lake akarudi Ibambula peke yake. Yuko kwenye nyumba isiyo na paa. Kifua kimemkamata. Wamejaribu kumrudisha, amekataa. Nimeona, alisema Shilinde, nije kwa mtoto wake, maana labda mkwe alisahau kusema.

Fakhria alimgeukia mumewe.

"Ulimpakia kwenye gari lile?" aliuliza. "Tulilolichagua mimi na wewe?"

"Ndiyo."

Hakuuliza zaidi. Alikwenda akachukua blanketi, dawa na chupa ya chai.

Gari lilikuwa limerudishwa siku ile ile, kwa kuwa operesheni ilisimama kwa ajili ya mvua. Springi za nyuma zilikuwa zimelala kwa mizigo, lakini liliwaka. Walikwenda watatu, Shilinde akiwa mbele na Salmini, Fakhria nyuma peke yake. Mbugani Salmini aliendesha vizuri kuliko alivyowahi kuendesha, na hakukwama.

Walimkuta Kashindye kwenye kona ya ukuta mweusi wa masizi, amejifunika kaniki iliyolowa. Alikuwa amefagia majivu yote kutoka ndani. Alipumua kwa shida, lakini akili zake zilikuwa timamu na aliuliza habari za watoto mmoja mmoja kwa jina. Fakhria alimbadilisha nguo, akamnywesha chai, akamwambia kwamba sasa wanakwenda Kitete, gari liko nje.

"Nitakwenda unakotaka, mwanangu," alisema Kashindye. "Lakini gari hilo sitalipanda tena."

Fakhria alimbembeleza. Alimwambia ni yeye sasa anayemchukua, si mtu mwingine, na hatabanduka ubavuni mwake. Shilinde alimkumbusha jinsi gari lilivyomwokoa mkewe. Salmini alisimama nje ya ukuta akisikia kila kitu, asithubutu kuingia. Mama alitikisa kichwa tu. Alisema hana ugomvi na mkwe. Alisema alimuuliza, naye akamjibu, na yeye akapanda kwa jibu lile. Basi hana nguvu za kupanda mara ya pili.

Fakhria angeweza kumbeba kwa nguvu, maana alikuwa mwepesi kama kuni kavu. Wengine mpaka leo wanasema angefanya hivyo. Lakini alikuwa amemwona mama yake akitikisa kichwa, na alikuwa ameshasikia jinsi alivyotolewa pale mara ya kwanza. Alimwambia Shilinde atafute kitanda.

Watu waliokuwa wamerudi kwa siri kuchimba viazi vyao walijitokeza. Walikifunga kitanda cha kamba kwenye miti miwili, wakamlaza Kashindye, wakamfunika turubai, wakamwinua mabegani. Wakaondoka naye kwa ile njia ya zamani, wakipokezana, Fakhria akitembea ubavuni miguu mitupu katika tope, ameshika mkono wa mama yake. Nyuma yao ilifuata Landrova, tupu, kwa gia ndogo, mwendo wa mtu kwa miguu. Salmini aliendesha akiangalia migongo ya wale watu. Mara nyingi alisimama ili asiwakaribie mno. Alisema baadaye kwamba kila walipopumzika alitumaini Fakhria atageuka amwite. Hakugeuka.

Walikuwa wamevuka mbuga, barabara kubwa inaonekana mbele, Fakhria alipowaambia wabebaji washushe kitanda. Alipiga magoti. Mvua ilikuwa imekatika na jua lilikuwa kali. Wale wanaume walivua kofia zao. Salmini alizima injini, akajua kabla hajaambiwa.

Fakhria alimfunga mama yake kidevu kwa mtandio wake. Halafu akasema hawaendi tena Kitete. Wakageuza kitanda, wakarudi nacho Ibambula, na Kashindye akazikwa kando ya mumewe, nyuma ya nyumba isiyo na paa. Hakuna ofisi iliyouliza. Salmini alichimba pamoja na wengine mpaka mikono ikachubuka. Alipotaka kuingia kaburini kumpokea maiti, Fakhria alisema kwa upole kwamba aingie Shilinde.

Jilala alikuja kwenye arobaini, Gongoni. Alikaa barazani na wanaume, hakula. Alipoondoka alimwambia Salmini kwamba ruhusa ilikuwa imetoka. Salmini alimwambia ahsante.

Kijiji kipya baadaye kilipata shule kweli, na kisima. Mtoto yule aliyezaliwa Kitete alisoma pale, na Shilinde mwenyewe husema kwamba bila shule ile mwanawe angekuwa anachunga. Watu wa Ibambula hawana jibu moja kuhusu mwaka ule. Wengine huusifu asubuhi na kuulaani jioni.

Salmini na Fakhria hawakuachana. Hakuna aliyewasikia wakigombana. Gari, Salmini aliliuza kwa mpasua mbao wa kwanza aliyeliulizia, na watoto hawakulalamika. Duka nalo lilifungwa maduka ya watu binafsi yalipobanwa, Salmini akaajiriwa kupima sukari na mchele katika duka la ushirika, akawa mpole zaidi na mkimya zaidi. Fakhria alimpikia, alimuuguza alipougua, alimcheka alipovaa kanzu kinyume. Jambo moja tu liliondoka: hakumtajia tena mama yake. Salmini akiingia chumbani wakati Fakhria anawasimulia watoto habari za bibi yao, hadithi ilikatika, na Khole aliyekuwa amekua akawa ndiye wa kuanzisha mazungumzo mengine.

Kila kiangazi Fakhria huenda Ibambula kusafisha makaburi. Anapanda basi mpaka linapoishia, anatembea yaliyobaki, usiku analala kwa Shilinde, kijiji kipya. Salmini alimwomba mara moja waende wote. Fakhria alifikiri, akasema, "Bado, baba Khole," na Salmini hakuomba tena, ingawa kila mwaka husubiri aambiwe.

Siku ya kurudi kwa Fakhria, Salmini hutoka kazini mapema. Huteka maji, huyapasha moto kwa ajili ya miguu ya mkewe, hukaa barazani akitazama njia. Fakhria akitokea, yeye humpokea mzigo na kumuuliza njia ilikuwaje. Naye humjibu kwamba njia ilikuwa nzuri.